Kaburi Langu Kwenye Uwanja wa Nasimbo

Jumatatu, 18 Agosti 2014. Nateete, Kampala.

Miaka ishirini na tisa na miezi minane imepita tangu nilipokanyaga Nasimbo mara ya mwisho, Krismasi ya mwaka 1984. Leo dada yangu Nakhisa amenipigia simu kutoka huko, Kenya, kuniambia kwamba uwanja wa ndege utapanuliwa na makaburi yote ya kwetu yatahamishwa kabla ya mwaka kwisha. La baba. La mama. La kaka yetu mkubwa. Na langu.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika mvua tu. Nadhani msimu huu nitaandika na mengine.

Asubuhi mawingu yalitoka upande wa ziwa. Manyunyu, hayakufika milimita mbili.

Jumatano, 20 Agosti

Habari ya kaburi langu niiandike mara moja, nisiirudie.

Vita vilipoingia Kampala mwanzoni mwa 1986 nilikimbia na wengine, nikapoteza mfuko wangu wa ngozi njiani. Dereva mmoja wa lori aliuokota. Ndani mlikuwa na kitambulisho changu cha kazi na Biblia yenye jina la kijiji. Mtu mwema, aliufikisha Nasimbo. Mimi wakati huo nilikuwa nimelala na malaria upande wa Mityana, katika nyumba ya watu nisiowajua, na simu hazikufanya kazi. Nyumbani walingoja mwaka mzima. Kisha wakazika mgomba.

Kwetu, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, hukatwa mgomba wenye urefu kama wake, ukafungwa shuka, ukalala ndani, ukaliliwa, ukazikwa kwa jina lake. Hivyo ndivyo anavyotulia. Wangu waliuzika kulia kwa mama, mahali nilipopachagua mwenyewe siku tuliyomzika mama. Hilo walilikumbuka.

Aliyezikiwa mgomba akitokea yu hai, haingii nyumbani kwa mlango. Wazee lazima wauchimbue mgomba, wachinje kondoo, wabomoe ua kwa nyuma, naye apite hapo akiinama, kama anayezaliwa upya. Akiingia hivihivi, mtu wa boma hilo hufa. Nimesoma vitabu vingi na sijui kama ninaamini. Ninajua mama angeamini.

Nilimpata Nakhisa sokoni Busia mwaka 1990. Alipiga mayowe, akaangusha nyanya za watu. Kaka alipopelekewa habari alisema atawaita wazee. Alisema hivyo kila mwaka mpaka akafa, na kila mwaka alilima sehemu yangu ya shamba.

Sasa watachimba, wapende wasipende. Mgomba utatoka. Nina miaka sabini na sita, na kwa mara ya kwanza naona njia ya kwenda kulala karibu na mama.

Ijumaa, 22 Agosti

Mvua ya radi mchana. Milimita kumi na nne.

Jumapili, 31 Agosti

Nilipanda kilima cha Old Kampala kumwona Muhamadi. Huyu ni Mnubi, mwana wa askari wa zamani. Tulikutana katika foleni ya chumvi mwaka wa vita na hatujaachana. Ananiita Mzee Mvua. Nilimweleza habari za uwanja wa ndege na furaha yangu. Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Nyinyi watu ya Kenya muko na maneno! Sisi mutu anakufa asubuhi, saa kumi tumesha zika, jioni tunakunywa chai. Nyinyi, maiti yenu inasafiri kushinda nyinyi wenyewe."

"Mimi nitasafiri nikiwa hai," nilimwambia.

"Ah, Mzee Mvua. Wewe umesha kufa. Unaenda kufufuka tu." Kisha akaacha kucheka, akauliza, "Na ile shamba yako, nani analima sasa?"

"Mtoto wa kaka. Wandera."

"Kale," akasema, ile "sawa" ya Kampala, na akamwita mjukuu alete kahawa. Hakurudi kwenye maneno hayo tena, na kwa Muhamadi hilo si jambo la kawaida.

Jumamosi, 6 Septemba

Mvua tangu alfajiri. Nimekaa dirishani nikiufikiria uwanja.

Baba alinisimulia jinsi Wazungu wa dhahabu walivyofika kabla sijazaliwa, wakapiga vigingi kutoka mto hadi kanisani, na maboma saba yakahamishwa kwa mwezi mmoja. Dhahabu ilikwisha upesi, uwanja ukabaki. Nilipokuwa shuleni, ndege ya posta ikitarajiwa baada ya mvua, mwalimu alitutoa darasani kwenda kukanyaga udongo. Tulipanga mistari, tukipiga miguu kwa wimbo toka ncha hii hadi ile, ili magurudumu yasizame. Ndiyo maana watoto wa Nasimbo wote walijua kutembea kwa mdundo. Nilimwona rubani akitazama kifuko cha upepo, kile kitambaa kirefu kinachoning'inia mlingotini, kabla hajatutazama sisi. Siku ile nilitaka kujua upepo unajua nini. Kazi ya hali ya hewa ikanileta Entebbe mwaka 1961.

Baada ya Uhuru walitua wanasiasa. Miaka ya magendo ya kahawa zikatua ndege zisizoandikwa kitu ubavuni. Kisha hazikutua tena. Ng'ombe wakalishwa humo, vijana wakajifunzia pikipiki, maharusi wakapigia picha.

Aliyeutunza wakati huo alikuwa Odoch. Sikumwona hata mara moja, ila Nakhisa alinieleza habari zake kila tulipokutana Busia. Mwacholi wa Gulu, alikimbia vita vya kaskazini ya huku Uganda, akavuka mpaka 1987, akalala katika kibanda cha mapipa ya mafuta na hakuondoka. Hakuna aliyemwajiri. Alifukuza ng'ombe, alifyeka majani, na kifuko cha upepo kilipochanika alikishona kwa gunia la unga. Nakhisa alimpa uji. Mwaka mmoja nilinunua kitambaa cha rangi ya chungwa soko la Owino, nikampelekea. Jibu lake lililetwa na dada yangu: "Mwambie upepo umefika salama." Alikufa miaka tisa iliyopita. Jamaa zake hawakujulikana, basi wanawake wa kanisa walimzika chini ya mlingoti wake.

Kuhusu siku zijazo: wapimaji wamewaonyesha watu picha. Lami, jengo la vioo, maparachichi yanayopakiwa asubuhi na kuliwa Ulaya jioni. Katika picha hiyo, Nakhisa anasema, nyumba yetu ni maegesho ya magari.

Milimita thelathini na moja.

Jumapili, 14 Septemba

Wandera amekuja. Sikumtarajia. Nilimwacha mtoto wa miaka minne. Leo ni mwanamume mpana, viatu vinang'aa licha ya matope ya Nateete. Alipiga magoti mlangoni kunisalimu, akaniita Baba Mdogo, akalia kidogo. Binti yangu Moreen, ambaye ninaishi kwake, alifunga duka lake la vipuri vya pikipiki akachinja kuku.

Alisema yote niliyotaka kusikia. Wazee wamekubali. Kondoo yupo. Makaburi yatachimbuliwa mwezi wa kumi na moja. Langu likishafunguliwa na mgomba kuondolewa, atakuja na gari kunichukua.

"Wazee wanaomba nguo moja tu, Baba Mdogo. Iliyovaliwa sana. Ya kukuitia, ili udongo ukukumbuke."

Hilo sikuwahi kulisikia, lakini nimekaa mbali muda mrefu na desturi hukua kama miti. Moreen akatoa koti langu la kazi, la mvua, lile zito la kaki lenye vifungo vya shaba. Wandera alilikunja vizuri sana. Akanipiga picha. Akanisimamisha kwenye fremu ya mlango, akaweka kiganja juu ya kichwa changu na kutia alama ukutani kwa ukucha.

"Bado mrefu!" akacheka. "Tunakutengenezea kitanda."

Wakati wa kuaga aliuliza, kama mtu anayeuliza bei ya sukari, "Hapa Kampala watu wanaokujua kwa jina la nyumbani ni wangapi?"

"Wachache. Wengi wananiita Mzee Mvua."

"Vizuri," akasema.

Moreen ameosha vyombo akiimba. Mimi nimelifikiria neno hilo, *vizuri*, tangu saa tisa.

Alhamisi, 25 Septemba

Mvua. Alama ya ukucha bado ipo ukutani.

Jumanne, 7 Oktoba

Simu ya Wandera inalia bila kupokewa. Moreen anasema ana shughuli. Mvua ya siku nne mfululizo. Mtaro wa Nalukolongo umejaa, na maji ni ya rangi ya chai ya maziwa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nafuna amekuja na maharagwe. Ni mwanamke wa kwetu anayefanya biashara kati ya Bungoma na soko la Nateete, mwenye mdomo mpana, hachoki kusema. Leo alishusha gunia, akakaa kimya. Nikamuuliza kama ni mgonjwa.

"Papa, nikuambie kitu usikasirike?"

"Sema, mama."

"Nilipita Nasimbo. Wanaandika makaburi, kila kaburi na mwenyewe. Kwenye lako Wandera amesimama anawaambia wapimaji, huyu ni marehemu baba yangu mdogo, alikufa vita vya Uganda, nami ndiye mrithi. Mimi na mdomo wangu nikasema, marehemu gani? Nimemuuzia maharagwe juzi, na akalalamika yana mawe!"

"Wakasemaje?"

"Wakanyamaza wote. Wote, papa, hata wale wazee. Halafu Wandera akanishika mkono, polepole, kama bwana harusi. Akaniambia: mama, wewe unauza maharagwe. Uza maharagwe." Akanionyesha mkono. Palikuwa na alama ya kidole gumba, imeshageuka njano.

Alikataa chai. Alisema njia ya Nasimbo hatapita tena mwaka huu.

Basi ndivyo ilivyo. Sehemu yangu ya shamba iko katikati ya njia mpya ya ndege. Mwenyewe akiwa hai, fidia ni yake. Mwenyewe akiwa marehemu, ni ya Wandera. Lakini bado sielewi. Kaburi litafunguliwa mbele ya watu wa mradi, na baada ya miaka ishirini na saba mgomba ni udongo tu. Watakuta shimo tupu. Atawaambia nini?

Sikumweleza Moreen. Milimita arobaini na mbili, nyingi zaidi msimu huu.

Ijumaa, 24 Oktoba

Bwaise imefurika, na kwetu maji yamefika ngazi ya pili ya duka. Nimempigia Nakhisa mara tatu leo. Mara ya tatu alipokea mwanamume nisiyemjua.

"Nakhisa hayupo."

"Mimi ni kaka yake."

Nikasikia kuku, na mlango ukifungwa.

"Kaka zake Nakhisa wote wamekufa," akasema, na akakata.

Jumapili, 9 Novemba

Dada yangu amepiga baada ya ibada, kwa simu ya mke wa mchungaji, akiwa nyuma ya kanisa. Simu yake mwenyewe Wandera aliichukua "kuitengeneza". Ninaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa maana sitaki baadaye kujiambia kwamba nilisikia vibaya.

"Mwana wa mama, uko vizuri?"

"Niko. Wewe?"

"Niko tu. Sikiliza, nina dakika chache. Juzi wamechimbua. Baba alitoka vizuri. Mama alitoka vizuri, shanga zake bado zipo. Kaka pia. Lako walilichimba mwisho."

"Wakakuta shimo tupu."

"Hapana."

Nyuma yake watoto walikuwa wakiimba.

"Walikuta mifupa. Ya mtu mzima, mrefu. Imevaa koti lako. Vile vifungo vya shaba. Koti limepakwa matope, lakini mimi nimefua nguo maisha yangu yote, najua nguo iliyolala ardhini miaka na iliyolala wiki. Yule wa mradi akaangalia, akaandika, akasema haya, lingine."

"Nakhisa. Mifupa ya nani?"

"Usiniulize."

"Nakuuliza."

Alianza kulia bila sauti. Namjua tangu utotoni, anavuta pumzi kama mtu anayepuliza moto. "Nilikwenda kule kwenye mlingoti. Hakuna aliyemwandikisha Odoch, hana mtu. Udongo wake umechimbwa. Wamerudisha majani juu, wameyapanga kabisa, lakini yanakauka."

Kisha akasema mazishi mapya yatakuwa Desemba, kwenye kilima cha kanisa, na ya kwangu pia. Nikamuuliza kama yuko salama. Akasema, "Mimi nikinyamaza nina nyumba."

Jumatatu, 10 Novemba

Nimemweleza Moreen. Alisikiliza amesimama, kisha akatoa begi juu ya kabati.

"Tunapanda basi leo. Nitakusimamisha mbele yao niseme, huyu hapa! Mguseni!"

"Na shangazi yako atalala wapi usiku huo?"

"Baba, wamekuzika!"

"Walinizika kabla hujajua kusoma."

"Walikosea wakati ule. Sasa hawajakosea, wamekusudia." Akakaa juu ya begi. "Na alikuja hapa akala kuku wangu. Akapiga magoti. Nikampa koti mimi mwenyewe, kwa mikono hii."

Alichukua kitambaa akaenda kufuta alama ya ukucha ukutani. Rangi ilitoka, alama ikabaki.

Jana usiku mzima nilikuwa tayari kwenda. Leo asubuhi pia. Naandika hivyo ili ijulikane kwamba nilitaka.

Jumatano, 19 Novemba

Mvua imepungua, upepo umegeuka. Nilipanda Old Kampala. Muhamadi alisikiliza yote bila mzaha hata mmoja, huku akisugua goti. Nilimwambia nimeshapata tiketi ya Ijumaa. Nitasimama mbele ya wenye mradi na kitambulisho mkononi, na Wandera ajibu.

"Na utashinda," akasema Muhamadi. "Mutu hai anashinda karatasi. Wanatoa ile mifupa katika sanduku yako. Sawa. Halafu wanaitupa wapi?"

Nilitazama mkono wake ukisugua goti.

"Mimi nauliza tu, Mzee Mvua. Pale kwa mlingoti watamwaga lami. Kwa kilima ya kanisa, nani atasema huyu ni yangu? Huyo kijana ya kaka yako? Huyo atamuogopa kama ushahidi. Atamutupa kwa mto."

"Lakini ni mahali pangu, Muhamadi. Karibu na mama."

"Iko yako, ndiyo." Akanimiminia kahawa. "Yule mutu ya Gulu ametoka kwao kwa sababu ya vita. Wewe hukurudi kwenu kwa sababu ya vita, vita ileile moja. Miaka kumi na nane anakufagilia uwanja. Sasa amepata mama. Wewe unataka kumufukuza?"

Nilikasirika. Niliacha kahawa, nikateremka kilima bila kuaga, jambo ambalo sijawahi kulifanya nyumbani kwake. Nilifika hadi kwenye maduka ya zamani ya Wahindi ndipo nikagundua kwamba nilikuwa natembea kwa mdundo, kisigino kwanza, kama tulivyofundishwa kukanyaga udongo.

Ijumaa, 21 Novemba

Basi limeondoka saa moja. Sikupanda.

Jumamosi, 6 Desemba 2014

Anga safi. Kipimo cha mvua kikavu kwa siku ya tano, msimu umekwisha.

Saa tano Nakhisa alipiga kwa simu ileile ya kuazima, akaiacha wazi ndani ya kanga yake. Moreen aliweka yangu mezani ikitoa sauti, tukakaa pande mbili. Muhamadi alikuja pia. Alifika bila kuitwa, amebeba birika la kahawa niliyoiacha, akisema ni ileile.

Tulisikia mapambio. Tukasikia kipaza sauti kikipiga kelele na mchungaji akiomba radhi. Alimtaja baba, akamtaja mama, akamtaja kaka. Kisha akasoma jina langu lote, jina la ukoo, la ubatizo na la babu, na mwaka niliozaliwa, na kusema nilikufa 1986 nikiitumikia kazi yangu ugenini. Wandera alisema maneno machache. Alisema nilikuwa mtu wa vitabu. Alilia, na naamini alilia kweli. Mtu anaweza kufanya yote mawili.

Mbali, nyuma ya sauti yake, palikuwa na mngurumo wa tingatinga uwanjani. Haukusimama hata wakati wa sala.

Juma lililopita nilikuwa nimemwomba dada yangu jambo moja. Zamu yake ya kutupa udongo ilipofika, tulisikia kanga ikisuguana na simu, pumzi yake, na udongo ukianguka juu ya mbao. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ambayo pale hakuna mwingine angeisikia, "Odoch. Lala. Huyu kando yako ni mama."

Halafu ukaja upepo mwingi katika simu, upepo wa kilimani, nami nikaujua: wa kaskazini-mashariki, wa kiangazi. Ukavuma mpaka simu ikakatika.

Moreen ameuliza atanizika wapi siku ikifika. Nimemwambia hapahapa, popote patakapopatikana, na asingoje mtu wa kutoka mbali. Muhamadi amesema saa kumi niwe nimeshazikwa, kwa sababu yeye hanywi chai usiku.

Kaburi langu la Nasimbo lina mtu. Sitarudi.